Mtoto, Mwanafunzi, Mke: Majina ya Msichana na Ndoa ya Utotoni katika Mkoa wa Singida

Siku hizi tamko "ndoa ya utotoni" limeenea katika magazeti, katika redio, katika mahakama na katika maandishi ya Serikali. Hutumiwa kana kwamba maana yake imekwisha kukubaliwa na watu wote. Lakini kila alitumiaye huwa amekwisha kujibu, pengine bila kujua, swali moja lililo gumu: utoto wa msichana huisha lini? Katika mkoa wa Singida swali hilo lina majibu zaidi ya moja. Mila ina jibu lake, shule ina lake, na sheria za nchi, ambazo zilitazamiwa ziwe na jibu moja, zina majibu matatu. Msichana wa miaka 15 anaweza kuwa mtoto kwa sheria moja, mwanafunzi kwa sheria ya pili, na mke halali kwa sheria ya tatu.

Makala haya yamekusudiwa kueleza majina hayo, asili yake na matumizi yake, na kuonyesha kwamba kazi ya kuzuia ndoa za utotoni, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kumpa msichana jina moja lisilobadilika mpaka atimize miaka 18. Haikusudiwi kusema kwamba maneno peke yake yataondoa tatizo hili. Ng'ombe, mvua na umbali wa shule vina nguvu kuliko kamusi. Lakini pale majina yanapogongana, mwenye nguvu huchagua lile limfaalo, na katika shauri la ndoa msichana ndiye mwenye nguvu kidogo kuliko wote.

1. Mkoa na lugha zake

Singida, iliyopata kuwa mkoa wa peke yake mwaka 1963, imo katikati ya Tanzania. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu wapatao milioni 2. Ni nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, uanzao Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Watu wake hulima mtama, uwele, mahindi, vitunguu na alizeti, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Kwa upande wa lugha, mkoa huu ni wa ajabu. Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita Kirimi, husemwa hasa katika wilaya za Singida na Ikungi. Kinyiramba katika Iramba na Mkalama, pamoja na Kiisanzu kilicho jirani yake sana. Upande wa kusini, katika Manyoni na Itigi, wamo Wagogo na Wakimbu. Wafugaji wa Kisukuma wamo pia. Zaidi ya lugha hizo za Kibantu, iko Kitaturu, ambayo ni ya jamii ya Kiniloti, na huko Mkalama husikika Kihadza, ambacho wataalamu hawajakipatia ndugu. Maandishi juu ya watu hawa si haba. Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri, alitoa tasnifu yake juu ya sauti na maumbo ya Kirimi mwaka 1964. Harold Schneider alichapa kitabu juu ya uchumi wa Wanyaturu mwaka 1970. Naye Marguerite Jellicoe alieleza mabadiliko ya maisha yao katika kitabu cha mwaka 1978. Juu ya Wagogo kiko kitabu cha Mathias Mnyampala cha mwaka 1954, kilichoandikwa kwa Kiswahili.

Katika mkoa wa namna hii Kiswahili kina kazi maalumu. Ni lugha ya shule, ya zahanati, ya ofisi ya kijiji na ya mahakama. Mashauri ya ndoa aghalabu huanza nyumbani kwa lugha ya wazee, na huingia katika Kiswahili pale yanapofika mbele ya mtendaji wa kijiji, mwalimu au hakimu. Juu ya hayo, sheria zenyewe kwa miaka mingi ziliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipopitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Basi neno moja juu ya umri wa msichana huvuka lugha tatu kabla ya kukatwa shauri, na katika kila kivuko huweza kubadilika.

2. Kuoa, kuolewa, kuoza na kuozwa

Kila mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kamusi za zamani, kama ile ya Johnson ya mwaka 1939, zimeeleza wazi kwamba kitenzi *-oa* ni cha mwanamume. Jina *ndoa* latokana na kitenzi hicho, na sauti *d* iliyomo yaonyesha kwamba zamani shina lilikuwa na *l* mwanzoni mwake, kama ilivyo *-ota* na *ndoto*. Kwa hiyo si jambo jipya katika lugha, wala si la Kiswahili peke yake: katika Kisukuma mwanamume *hutola* na mwanamke *hutolwa*, kwa mpango ule ule.

Mbali ya maumbo hayo mawili yako mengine mawili ambayo hayatazamwi sana. Mzazi *huoza* au, kama isemwavyo zaidi leo, *huozesha*. Na binti *huozwa*. Katika sentensi "Amina ameolewa" hapana atajwaye kuwa amemtoa Amina kwa mume. Huenda alichagua mwenyewe. Katika sentensi "Amina ameozwa" yuko mtu wa tatu, hata kama hakutajwa, naye ndiye mtenda hasa. Umbo la kitenzi lamtaja mzazi bila kumwita jina. Kwa ajili hiyo *kuozwa* ndilo neno la kweli zaidi kwa habari zinazohusika hapa, nalo hutumiwa na wasichana wenyewe wanapolalamika. Ripoti nyingi, kwa kufuata lugha laini, husema wasichana "wameolewa wakiwa wadogo". Na kwa njia hiyo aliyewaoza hutoweka katika sentensi.

Liko pia tamko "ndoa ya mapema", lililotumika sana kabla ya "ndoa ya utotoni" kuenea, na ambalo halijatoweka. Tamko hili lina kasoro kubwa. Katika Kiswahili *mapema* ni sifa njema: afikaye mapema husifiwa, na alimaye mapema huvuna. Mzazi aambiwaye kwamba amefanya "ndoa ya mapema" hana sababu ya kuona haya. "Ndoa ya utotoni" ni tamko bora, kwa kuwa laeleza mahali msichana alipo, yaani ndani ya utoto. Lakini nalo, kama ilivyokwisha kusemwa, lategemea kujua utoto huishia wapi.

Yapasa kuonya hapa juu ya kosa moja. Isidhaniwe kwamba sarufi ndiyo inayowaoza wasichana. Taarifa za utafiti wa afya na uzazi wa mwaka 2010 zilionyesha kwamba, kati ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24, walioolewa kabla ya kutimiza miaka 18 walikuwa asilimia 37 kwa nchi nzima. Lakini Shinyanga walikuwa asilimia 59, Singida 42, Dar es Salaam 19, na Iringa 8. Mikoa yote hiyo yasema *kuolewa* na *kuozwa*. Tofauti kubwa namna hiyo haiwezi kuletwa na kitenzi walicho nacho watu wote. Kazi ya lugha ni nyingine: hutoa majina ambayo kwayo jambo huhalalishwa au hukatazwa.

3. Umri wa mwili na umri wa miaka

Majina ya Kiswahili yahusuyo kukua kwa msichana hayahesabu miaka, bali hutazama mwili. *Kigori* ni msichana anayekaribia kupevuka. *Kuvunja ungo* ni kuona damu ya mwezi kwa mara ya kwanza. *Mwali* ni msichana aliyekwisha kuvunja ungo, na katika sehemu nyingi za pwani ni yule awekwaye ndani afundwe. Lakini neno hilo hilo hutumika pia kwa bibi arusi. Yaani katika neno moja kupevuka na kuolewa vimekaribiana mpaka vimekuwa kitu kimoja. Hata *msichana* si jina la umri hasa, kwa kuwa humwacha mtu siku ya kuolewa: mwenye miaka 25 asiyeolewa ni msichana, na mwenye miaka 16 aliyezaa ni "mama fulani".

Namna hii ya kuhesabu haikuwa ya ujinga. Mahali ambapo hapakuwa na kalenda wala cheti, mwili ulikuwa ndiyo hati pekee iwezayo kusomwa na kila mtu. Miaka ilikumbukwa kwa matukio: mwaka wa njaa, mwaka wa mvua nyingi, mwaka wa nzige. Hata leo hesabu hiyo haijafa. Utafiti wa afya na uzazi wa mwaka 2015-16 uliona kwamba, katika nchi nzima, kati ya kila watoto 4 walio chini ya miaka 5 ni mmoja tu aliyeandikishwa kuzaliwa kwake. Mzazi asiye na cheti huulizwa umri wa binti yake, naye hujibu kwa neno moja: "Amekua." Watu husema mtoto hakui kwa mzazi wake, lakini siku posa ifikapo, hukua kwa saa moja.

Tena, dalili hiyo ya mwili si ya kuaminiwa hata kwa jambo lile ambalo hudhaniwa kuwa inalithibitisha. Kuvunja ungo si ushahidi kwamba mwili umekwisha kukomaa kwa kuzaa. Mifupa ya nyonga huendelea kukua kwa miaka kadhaa baada ya damu ya kwanza. Kwa sababu hiyo wasichana wadogo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata uchungu wa muda mrefu usioendelea, na pasipo upasuaji wa haraka huweza kupata fistula, yaani tundu kati ya njia ya uzazi na kibofu au utumbo, linalowafanya wavuje mkojo au kinyesi bila kukoma. Kifafa cha mimba nacho huwapata zaidi wale walio katika mimba ya kwanza wakiwa wadogo. Basi mwili husema "nimeanza", nao watu husikia "nimemaliza".

4. Majina matatu ya sheria

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa tendo kubwa katika historia ya Tanzania. Ilitanguliwa na waraka wa Serikali wa mwaka 1969 uliotolewa ili wananchi wayajadili mapendekezo yake, nayo ilikusanya chini ya paa moja ndoa za kimila, za Kiislamu, za Kikristo na za kiserikali. Iliagiza kwamba ndoa iwe kwa hiari ya pande zote mbili, na kwamba kutolipwa mahari kusiivunje ndoa. Lakini katika kifungu cha 13 iliweka umri wa miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa mwanamke, tena ikairuhusu mahakama kukubali hata miaka 14 kwa sababu maalumu. Kifungu cha 17 kilidai kwamba mwanamke aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya baba yake. Mama hupata haki hiyo kama baba amekufa.

Kwa mtaalamu wa lugha liko jambo jingine katika kifungu cha 13 linalostahili kuangaliwa. Sheria haikusema tu "miaka 15". Ilisema umri *uonekanao* kuwa miaka 15. Kwa neno hilo moja sheria, ambayo kazi yake ilikuwa kuleta hesabu ya miaka mahali pa hesabu ya mwili, iliirudisha hesabu ya mwili kwa mlango wa nyuma. Afungishaye ndoa aliruhusiwa kutazama, kama mjumbe wa posa anavyotazama.

Jina la pili ni *mtoto*. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, bila kutenga mvulana na msichana. Hiyo ndiyo lugha pia ya Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 na ya Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambazo Tanzania imeziridhia, na ambazo zote mbili zataka umri wa ndoa usiwe chini ya miaka 18. Lakini Sheria ya Mtoto haikukataza ndoa kwa jina lake. Nayo Kanuni ya Adhabu, ilivyorekebishwa mwaka 1998, husema kwamba kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akikubali, isipokuwa awe ni mke wa mtu huyo mwenye miaka 15 au zaidi, ambaye hawajatengana. Kwa maneno mengine, tendo lile lile kwa msichana yule yule hubadilika kutoka kosa kubwa la jinai likawa haki ya unyumba, kwa sababu ya jina *mke*.

Jina la tatu ni *mwanafunzi*. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikawa ni kosa kwa mtu yeyote kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Hii ni sheria kali, na katika vijiji ndiyo ijulikanayo zaidi. Lakini haimlindi msichana kwa kuwa ni msichana, wala kwa kuwa ni mtoto. Yamlinda kwa kuwa ni mwanafunzi.

Na achukuliwe, kwa mfano, msichana wa miaka 15 katika kijiji cha Ikungi, aliyechelewa kuanza shule kama watoto wengi wa wafugaji. Mwezi Septemba hufanya mtihani wa darasa la saba. Siku hiyo yeye ni mwanafunzi, na atakayemwoa hufungwa miaka 30. Matokeo yakitoka naye hakuchaguliwa kwenda sekondari, jina la mwanafunzi humwondoka. Ifikapo Januari, wenzake wavaapo sare mpya, yeye kwa Sheria ya Mtoto bado ni mtoto; lakini kwa maandishi ya Sheria ya Ndoa, baba yake akikubali, aweza kuwa mke. Umri wake umeongezeka kwa miezi 4 tu. Mwili wake ni ule ule. Kilichobadilika ni jina. Ndiyo maana katika mikoa mbalimbali ya Tanzania imeelezwa mara nyingi kwamba wako wazazi wawaagizao binti zao waandike majibu ya makosa katika mtihani kwa makusudi. Wazazi hao wameisoma sheria vizuri kuliko walioitunga: wamejua kwamba ulinzi wote umening'inizwa kwenye jina moja, na kwamba jina hilo laweza kuvuliwa kwa kalamu.

Mgongano huu ulifikishwa mahakamani na Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa shirika la Msichana Initiative. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa vyawabagua wasichana, na ikaipa Serikali mwaka mmoja ivirekebishe ili umri uwe miaka 18 kwa wote. Serikali ilikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na uamuzi wa Mahakama Kuu. Pamoja na hayo, hata kufikia mwaka 2024, miaka 5 baada ya hukumu hiyo, Bunge lilikuwa bado halijapitisha marekebisho. Katika nchi jirani, Kenya iliweka miaka 18 katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, na Uganda iliiweka katika Katiba yake ya mwaka 1995.

5. Ng'ombe, mvua na shule

Ingawa majina yana nguvu, hayatembei bila sababu. Schneider alieleza kwa urefu jinsi ng'ombe walivyokuwa kipimo cha mali kwa Wanyaturu, na jinsi mahari yalivyohamisha mali hiyo kutoka nyumba hadi nyumba. Ng'ombe wa binti huweza kuwa ndio watakaomwolea kaka yake mke. Katika mpango huo binti si mtu mmoja anayeanza maisha. Ni daraja kati ya nyumba mbili, na daraja haliulizwi kama liko tayari.

Mwaka ambao mvua imekosa, mashauri haya huharakishwa. Mtama ukikauka Februari, mwenye nyumba huhesabu akiba aliyo nayo na midomo ya kulishwa. Binti akiolewa, mdomo mmoja hupungua na ng'ombe huongezeka. Si haki kusema kwamba baba wa namna hiyo hampendi mwanawe. Mara nyingi huamini kwamba amemtafutia mahali penye chakula, tena amemwokoa na aibu ya kupata mimba nyumbani. Hoja hii ya mwisho ndiyo itolewayo zaidi, nayo ina ukweli ndani yake, kwa kuwa msichana aliyemaliza shule bila kazi wala mafunzo huonekana kuwa hatarini. Lakini dawa ya hatari hiyo imekuwa kumtia katika ile ile iliyoogopwa, yaani mimba ya utotoni, ila sasa kwa baraka za wazee.

Shule nayo ina sehemu yake. Shule za sekondari za kata zimeenea tangu mwaka 2006, na ada ilifutwa hata kidato cha nne kuanzia mwaka 2016. Hata hivyo, katika nchi yenye vijiji vilivyotawanyika kama Manyoni au Mkalama, mwendo wa kwenda shuleni waweza kuwa mrefu mno kwa msichana anayerudi jioni peke yake. Pasipo bweni, wengine hupanga chumba karibu na shule, wakajitunza wenyewe wakiwa na miaka 14. Mzazi aogopaye hali hiyo haogopi kitu cha kuwaza tu.

6. Funzo litokanalo na tohara

Kabla ya kutaja njia za kuzuia, ni vema kukumbuka jambo lililotokea Singida katika habari iliyo karibu na hii. Katika jamii kadhaa za mkoa huu tohara ya msichana ilikuwa hatua ya kuelekea utu uzima na ndoa. Mwaka 1998 sheria ilikataza tohara kwa wasichana walio chini ya miaka 18. Takwimu zilionyesha kupungua: mwaka 2010 wanawake waliotahiriwa katika Singida walikuwa asilimia 51, na katika utafiti wa mwaka 2015-16 walikuwa asilimia 31. Lakini watafiti wameeleza pia kwamba katika Singida na Dodoma wako waliohamisha tendo hilo kutoka kwa wasichana hadi kwa watoto wachanga, mahali ambapo hapana macho ya mwalimu wala ya polisi, na kwamba watu walieleza tendo hilo kuwa ni dawa ya ugonjwa wa watoto waliouita lawalawa.

Funzo lake ni wazi. Sheria ikigusa siku ya tendo bila kugusa fikira iliyo nyuma yake, tendo hutafuta siku nyingine na jina jingine. Ndoa nayo yaweza kufanya vivyo hivyo. Msichana aweza kupelekwa kwa mume bila sherehe wala cheti, akaitwa "mgeni" au "msaidizi wa nyumba" mpaka atimize miaka itakiwayo. Basi adhabu peke yake, hata ikiwa ni miaka 30, haitoshi.

7. Njia za kuzuia

Njia ya kwanza ni kuunganisha majina. Bunge likirekebisha Sheria ya Ndoa kwa kufuata hukumu ya mwaka 2019, yafaa litazame maneno kama litazamavyo hesabu. Umri uwe miaka 18 iliyotimia, si umri uonekanao. Na jina liwe *mtoto*, kama lilivyo katika sheria ya 2009. Ile nafasi iliyoachwa katika Kanuni ya Adhabu kwa mume wa msichana wa miaka 15 haina budi kuondolewa kwa wakati ule ule, la sivyo sheria moja itafunga mlango na nyingine kuufungua. Na kwa kuwa sasa sheria zaandikwa kwa Kiswahili, watafsiri wana wajibu wa kutofautisha *kuolewa* na *kuozwa*, ili amwozaye mtoto atajwe kuwa ametenda kosa, na mtoto asitajwe hivyo.

Njia ya pili ni hati. Umri wa miaka hauwezi kushinda umri wa mwili kama hauna karatasi. Mpango wa kuwaandikisha watoto walio chini ya miaka 5 katika zahanati na ofisi za kata, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kuenezwa mkoa baada ya mkoa, ni kinga ya ndoa za utotoni ingawa hautajwi kwa jina hilo. Mtoto aliyepewa cheti leo atakuwa na jibu mkononi siku watu watakaposema amekua. Kwa wale waliokwisha kupita umri huo, kitabu cha kliniki na rejista ya darasa la kwanza hutoa ushahidi ambao mtendaji wa kijiji aweza kuutumia.

Njia ya tatu ni kulirefusha jina la mwanafunzi na kulifanya gumu kuvuliwa. Sera ya Elimu na Mafunzo katika toleo lake la mwaka 2023 yakusudia elimu ya lazima ya miaka 10, kwa kuunganisha shule ya msingi na sekondari ya chini. Likitimizwa, pengo lile kati ya Septemba na Januari litazibwa, kwa kuwa mtihani hautamwondoa mtoto shuleni. Lakini elimu ya lazima bila mabweni, bila maji na bila chakula cha mchana itakuwa ya lazima kwenye karatasi tu. Kadhalika, ruhusa iliyotolewa Novemba 2021, kwamba wasichana waliojifungua warudi shuleni, ina maana kubwa: yasema kwamba msichana hapotezi jina la mwanafunzi kwa kuwa amepata mtoto, wala hapati jina la mke kwa sababu hiyo.

Njia ya nne ni ya kijiji chenyewe. Mpango wa Taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka 2017/18, uliweka kamati za ulinzi katika ngazi za vijiji na kata. Yako Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na iko namba ya simu 116 ya kuwasaidia watoto. Vyombo hivi hufaa pale tu ambapo anayeviita haogopi. Msichana anayepeleka habari za baba yake polisi ameshtaki nyumba anayolala. Kwa hiyo shangazi, bibi, mwalimu wa kike, shehe na mchungaji wana nafasi ambayo polisi hana: wao huweza kusema neno kabla ya ng'ombe kupokewa. Baada ya ng'ombe kupokewa, kila mtu huwa na deni, na kila mwenye deni hunyamaza.

Njia ya tano ni ya wataalamu wa lugha. Maonyo mengi hutolewa kwa Kiswahili cha ofisini, katika mkoa ambao shauri la ndoa huzungumzwa kwa Kirimi, Kinyiramba, Kigogo, Kisukuma na Kitaturu. Yatakikana kujulikana ni maneno gani ya lugha hizo yatumikayo kwa msichana kabla na baada ya kupevuka, ni kitenzi gani hutumika kwa mzazi atoaye binti, na kama liko neno la mtoto ambalo halimwachi msichana siku anapovunja ungo. Bila maarifa hayo, mtafsiri wa "ndoa ya utotoni" aweza kutumia neno ambalo kwa wasikilizaji halimhusu msichana wa miaka 15 hata kidogo, kwa kuwa kwao si mtoto tena. Onyo litakuwa limesomwa, na hapana atakayejua kwamba linamhusu. Kazi ya kukusanya maneno hayo si kubwa kwa chuo chenye wanafunzi watokao katika wilaya zote za mkoa, nayo yaweza kuanza kabla ya Bunge kukata shauri lolote.

Kwa ufupi, hoja ya makala haya ni kwamba ndoa ya utotoni huingia kwa nafasi iliyo kati ya majina. Mila humwita msichana mwali, shule humwita mwanafunzi mpaka mtihani, sheria moja humwita mtoto na nyingine huruhusu aitwe mke. Umaskini na ukame humsukuma mzazi kuitafuta nafasi hiyo, nazo sheria zimeiacha wazi. Wote wapendao kuiziba, wawe wanasheria, walimu, waganga au wataalamu wa lugha, wana kazi moja kwa sehemu mbalimbali: kuhakikisha kwamba msichana wa Singida, akiwa shuleni au nje ya shule, mvua ikinyesha au isiponyesha, huitwa mtoto mpaka siku anapotimiza miaka 18, na kwamba jina hilo lina hati ya kulithibitisha na watu wa kulitetea.